Babu Aliyeandikwa Linkhorn: Kufuatilia Nasaba kwa Madaftari ya Ardhi na Kodi

Mwezi Mei mwaka 1860, siku chache baada ya chama chake kumteua kugombea urais wa Marekani, Abraham Lincoln alijibu barua iliyotoka katika mji mdogo wa Elizabethtown, jimbo la Kentucky. Aliyeiandika, Samuel Haycraft, aliwahi kuwa karani wa mahakama ya wilaya ya Hardin kwa miaka mingi, na alikuwa akijaribu kuieleza nasaba ya mgombea huyo. Haycraft alidhani kwamba mama yake Lincoln ni Sarah Johnston, mjane ambaye Thomas Lincoln alimwoa pale Elizabethtown mwaka 1819. Lincoln alimsahihisha: huyo ni mama yake wa kambo, mama aliyemzaa aliitwa Nancy Hanks. Lakini hati ya ndoa ya Thomas na Nancy haikuonekana Elizabethtown, na kutoonekana kwake kulizaa minong'ono iliyodumu miaka mingi, kwamba pengine ndoa hiyo haikufungwa kabisa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi watafiti wanavyofuatilia watu walioishi katika nchi za mpakani za Marekani zaidi ya miaka 200 iliyopita, yaani zile sehemu za magharibi ambako walowezi walikuwa ndio kwanza wanafika. Tutautumia ukoo wa Lincoln kuwa mfano, si kwa sababu ya ukubwa wa jina lake, bali kwa sababu baba na babu wa rais huyo walikuwa wakulima wa kawaida wasioacha barua wala shajara.

Ugumu wa kazi hii ni dhahiri. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Makanisa yalikuwa machache na daftari zao hazikutunzwa vema. Sensa ya kwanza ya Marekani ilifanywa mwaka 1790, lakini kwa Kentucky makaratasi ya sensa ya mwaka huo na ya mwaka 1800 yamepotea. Hata yale yaliyosalia hayasaidii sana, kwani kabla ya mwaka 1850 sensa ilitaja jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote walihesabiwa kwa jinsia na umri. Hata hivyo serikali, iwe changa namna gani, haikosi kuuliza mambo mawili: nani ana ardhi, na nani hajalipa kodi. Majibu ya maswali hayo mawili yamehifadhiwa kwa wingi wa kushangaza.

Tuanze na ardhi. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi tarehe 1 Juni 1792, ilipokuwa jimbo kamili. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1779, mtu aliyetaka ardhi ya magharibi alipita hatua nne, na kila hatua iliacha karatasi yake. Kwanza alinunua kibali, ambacho kilimpa haki ya ekari kadhaa bila kusema ziko wapi. Pili alikwenda kwa mpima ardhi wa wilaya na kuandikisha mahali alipopachagua. Tatu, mahali hapo palipimwa na kuchorwa. Nne, gavana alitoa hatimiliki. Kati ya hatua ya kwanza na ya nne ingeweza kupita miaka kumi au zaidi, na wengi walikufa njiani au waliuza haki zao kwa wengine. Kwa hiyo mtafiti anayetazama hatimiliki peke yake huwakosa watu wengi sana.

Babu yake rais, ambaye naye aliitwa Abraham Lincoln, alikuwa mkulima katika wilaya ya Rockingham, Virginia. Mwezi Februari 1780 aliuza shamba lake kwa pauni 5,000. Tarehe 4 Machi mwaka huo huo kibali cha ekari 400 kilitolewa kwa pauni 160. Msomaji asishtuke kwa tofauti ya bei hizo. Huo ulikuwa wakati wa vita vya uhuru, na noti za Virginia zilikuwa zikipoteza thamani kila mwezi. Pauni 5,000 za karatasi hazikuwa utajiri. Bei ya kibali, kwa upande wake, iliwekwa na sheria kuwa pauni 40 kwa kila ekari 100, na mwanafunzi anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba hesabu inalingana.

Jina lililoandikwa katika kibali hicho si Lincoln bali ni Linkhorn. Hapa wanaoanza utafiti wa nasaba hukwama, wakadhani wamempata mtu mwingine. Makarani wa wakati ule waliandika majina kwa namna walivyoyasikia, na wenye majina wengi hawakuweza kuwasahihisha. Kanuni ni kuyatamka majina kwa sauti kabla ya kuyakataa.

Ardhi ya Linkhorn ilipimwa tarehe 7 Mei 1785, karibu na kijito cha Long Run katika wilaya ya Jefferson. Kumbukumbu ya upimaji inawataja pia wasaidizi. Mpima ardhi hakuja na kundi la wafanyakazi. Mwenye shamba ndiye aliyetakiwa kuleta watu wa kushika mnyororo, na kwa kawaida alileta ndugu, watoto au majirani. Walioshika mnyororo siku hiyo waliandikwa Ananiah Lincoln na Josiah Lincoln, na aliyetia alama mitini ni Abraham Linkhorn mwenyewe. Hivyo tahajia mbili za jina moja zimekutana katika karatasi moja, na shaka yetu ya kwanza imekwisha. Tena tunajua kwamba babu huyo alikuwa hai mwezi Mei 1785. Jambo hilo si dogo: rais mwenyewe, akisimulia alivyosikia nyumbani, aliandika mwaka 1860 kwamba babu yake aliuawa yapata mwaka 1784. Hapa karatasi ya mpima ardhi inapaswa kuaminiwa kuliko simulizi ya mjukuu, hata kama mjukuu ni rais.

Inafaa tuseme kidogo juu ya upimaji wenyewe, maana ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Mpima ardhi alitumia dira na mnyororo wenye urefu wa futi 66. Robo ya mnyororo huo iliitwa poli, yaani futi 16 na nusu, au mita 5.03. Poli 320 ni maili moja kamili, na poli za mraba 160 ni ekari moja. Maelezo ya shamba yalianzia penye alama fulani, kwa mfano mwaloni mweupe kando ya kijito, yakaendelea kwa mwelekeo na umbali hadi alama ya pili, kisha ya tatu, mpaka yalipoirudia ile ya kwanza. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi shamba la kubuni: kaskazini poli 200, mashariki poli 320, kusini poli 200, magharibi poli 320. Wakichora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa poli 20, watapata mstatili wa sentimita 10 kwa 16. Eneo lake ni poli za mraba 64,000, nazo ni ekari 400, au hektari 162 hivi.

Sasa tuingize makosa. Mnyororo wa chuma huvutika kwa matumizi. Ukizidi kwa sehemu moja katika mia, kila upande utakuwa mrefu kwa sehemu hiyo kuliko ulivyoandikwa, na shamba la ekari 400 litakuwa kwa kweli na ekari 408. Dira nayo haionyeshi kaskazini ya kweli bali kaskazini ya sumaku, na tofauti kati ya hizo mbili hubadilika mwaka hata mwaka. Mkengeuko wa digrii moja, kwa umbali wa poli 320, huupeleka mpaka kando kwa poli 5.6, yaani mita 28. Miti ya alama huanguka, vijito huhama. Ongeza kwamba hakuna ofisi iliyoangalia kama mahali palipoandikishwa na mtu mmoja hapakuwa pamekwisha kuandikishwa na mwingine, nawe utaelewa kwa nini madai ya ardhi ya Kentucky yalilaliana kama vigae vya paa. Kwa wakulima hiyo ilikuwa balaa. Kwa mtafiti ni neema, kwa sababu kila mgogoro ulipelekwa mahakamani, na mashahidi walieleza kwa kiapo umri wao, walikotoka na tangu lini wanamfahamu fulani.

Twende mbele mwaka mmoja. Mwezi Mei 1786 Abraham Lincoln mkubwa aliuawa na wenyeji wa asili alipokuwa akifanya kazi shambani pamoja na wanawe. Thomas, mdogo kati ya wavulana watatu, alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Ni haki kusema kwamba nchi hiyo ilikuwa mawindo ya Washawnee na makabila mengine. Katika mkataba wa Fort Stanwix wa mwaka 1768 mataifa ya Iroquois ndiyo yaliyoiachilia kwa Waingereza, Washawnee hawakukubali. Kibali cha pauni 160 hakiwataji kwa neno hata moja.

Marehemu hakuacha wosia. Virginia ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kuwagawia watoto wote urithi sawasawa, lakini sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1787. Kwa kuwa alikufa miezi michache kabla, ilitumika sheria ya zamani, na ardhi yote ikawa ya kifungua mimba, Mordecai. Thomas hakupata hata ekari moja. Tazama basi jinsi tarehe ya kifo inavyobeba uzito: mtafiti asiyeijua sheria hiyo angeona Mordecai ana ardhi na Thomas hana, akahitimisha kwamba mmoja alikuwa mchapakazi na mwingine mvivu. Kwa hakika ndivyo wengi walivyohitimisha.

Kutoka hapa hatuna budi kuingia katika orodha za kodi. Kila mwaka kamishna wa kodi alizunguka katika eneo lake na kuandika jina la kila mlipa kodi. Orodha za Kentucky zilikuwa na safu za ekari za ardhi, zikigawanywa katika daraja tatu kwa ubora; wilaya na kijito ambako ardhi hiyo ilikuwa; jina ambalo kwalo iliandikishwa, kupimwa na kupewa hatimiliki; idadi ya wanaume weupe wenye zaidi ya miaka 21; idadi ya vijana wa miaka 16 hadi 21; idadi ya watumwa; na idadi ya farasi.

Karatasi moja ya namna hiyo haisemi mengi. Faida yake huonekana mtu anapozipanga za miaka 15 au 20 mfululizo. Kijana asiyetajwa huanza kuonekana kama tarakimu katika safu ya kaya ya baba yake au ya mama mjane. Hiyo ni dalili kwamba ametimiza miaka 16. Miaka mitano baadaye tarakimu hutoweka na jina jipya hutokea. Jina la baba likipotea na la mwanamke kuchukua nafasi yake, hapana shaka pametokea msiba. Ekari zikipungua ghafula, itafutwe hati ya mauzo. Zikiongezeka bila hati ya ununuzi, itafutwe ndoa au urithi. Safu ya kijito hutenganisha watu wenye jina moja. Ilikuwapo haja hiyo kwa Lincoln, maana mdogo wake yule babu naye aliitwa Thomas Lincoln na aliishi Kentucky, katika wilaya ya Fayette. Asiyewatenganisha atampa mpwa kesi na madeni ya ami yake. Jambo la mwisho ni tarehe. Kamishna aliandika siku aliyomfikia kila mtu, na waliofikiwa siku moja aghalabu walikuwa majirani. Makarani walioinakili orodha upya kwa kufuata herufi za alfabeti walifanya kazi nadhifu, lakini waliuharibu ujirani huo.

Mtego mwingine ni wilaya zenyewe. Mwaka 1780 Kentucky ilikuwa na wilaya tatu tu: Jefferson, Fayette na Lincoln (hii ya mwisho iliitwa kwa heshima ya jenerali Benjamin Lincoln, nayo imewapotezea wengi muda wao). Leo ziko 120. Nelson ilikatwa kutoka Jefferson. Kisha Washington na Hardin zikakatwa kutoka Nelson mwanzoni mwa miaka ya 1790. Rais Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mahali ambapo leo ni wilaya ya LaRue, lakini LaRue iliundwa mwaka 1843. Anayekwenda kutafuta habari zake katika mahakama ya LaRue anatafuta katika wilaya ambayo haikuwapo. Kabla ya kupanda basi, mtafiti anapaswa kuchora ramani ya wilaya kwa kila mwaka anaoushughulikia.

Sasa tunaweza kumrudia Thomas, na hapa pana haki ya mtu iliyokuwa hatarini. William Herndon, mwanasheria aliyefanya kazi pamoja na rais, alitoa mwaka 1889 kitabu kilichomwonyesha Thomas kuwa mtu mzembe wa kuhamahama. Sifa hiyo ilirudiwa na waandishi wengi. Ilimfaa kila aliyependa kusimulia jinsi mtoto mwenye akili alivyochipuka jalalani. Hatimaye Louis A. Warren alipekua nyaraka za mahakama za wilaya za Kentucky, akachapisha matokeo yake mwaka 1926. Picha iliyotoka madaftarini ilikuwa tofauti. Mwaka 1803 Thomas, kijana asiye na urithi, alinunua shamba la ekari 238 kwa pauni 118. Kwa kuwa dola moja ilikuwa shilingi sita, hizo ni dola 393 hivi. Mwezi Desemba 1808 alinunua shamba jingine la ekari 300 kwa dola 200 taslimu. Aliitwa kuwa mzee wa baraza mahakamani. Katika orodha ya kodi ya mwaka 1814 alikuwa wa 15 kwa mali kati ya watu 98. Hakuwa tajiri, lakini fukara wa kuhurumiwa hakuwa.

Kwa nini basi alihama? Daftari linajibu. Shamba la kwanza lilipochunguzwa lilionekana kuwa na ekari 200 badala ya 238, kwa kosa la upimaji, naye aliliuza mwaka 1814 kwa pauni 100, akipata hasara ya pauni 18. Shamba la pili lilikuwa na deni la mmiliki wa zamani ambalo halikulipwa. Kesi ilifunguliwa mwaka 1813. Mwishoni mwa mwaka 1815 alishtakiwa aondoke katika shamba la tatu, pamoja na majirani zake, na warithi waliodai ardhi hiyo yote kwa hatimiliki ya zamani. Mashamba matatu, na matatu yote yana kasoro katika karatasi zake. Ile hesabu ya mnyororo na dira tuliyoifanya hapo juu iliwagharimu watu makao yao.

Mwezi Desemba 1816 Thomas aliivusha familia yake mto Ohio kwenda Indiana. Baadaye mwanawe aliandika kwamba walihama kwa kiasi fulani kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa matatizo ya hati za ardhi. Indiana ilipimwa kwa njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1785 serikali ya shirikisho iliigawa nchi katika miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba katika vipande 36 vya ekari 640, kabla ya kuiuza. Kila shamba lilikuwa na namba, na hakuna shamba lililolalia jingine. Mwezi Oktoba 1817 Thomas alikwenda katika ofisi ya ardhi ya Vincennes na kuandikisha ekari 160 kwa dola mbili kila ekari. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amelipa dola 80, robo kamili ya bei. Mwaka 1827 alipata hatimiliki ya ekari 80, baada ya kuirudishia serikali nusu aliyoshindwa kuilipia.

Yako ambayo madaftari haya hayakuandika. Wanawake walioolewa hawamo katika orodha za kodi. Huonekana zaidi katika hati za mauzo, ambako mke aliulizwa faraghani kama anaridhia kuliachia fungu lake la ujane. Ndiyo maana nasaba ya Nancy Hanks ilibishaniwa zaidi ya karne moja, mpaka uchunguzi wa chembe za urithi zinazopita kwa akina mama, uliotangazwa mwaka 2015, ulipounga mkono rai kwamba alikuwa binti wa Lucy Hanks. Watumwa nao wamo, lakini bila majina. Mwaka 1811 wilaya ya Hardin ilihesabu kwa kodi watumwa 1,007, dhidi ya wanaume weupe 1,627 wenye umri zaidi ya miaka 16. Mjukuu wa mmojawapo akitaka leo kumpata babu yake hana budi kufuata jina la aliyemmiliki, mwaka hadi mwaka, na kutazama tarakimu ikipanda kwa kuzaliwa au kununuliwa mtu, ikishuka kwa kifo au kuuzwa.

Ama ile hati ya ndoa, wengi waliitafuta Elizabethtown kwa kuwa Thomas aliishi huko na mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko. Lakini mume huandikishwa ndoa katika wilaya ya bibi arusi, na mjane wa yule babu Linkhorn pamoja na watoto wake walikuwa wamehamia sehemu iliyokuja kuwa wilaya ya Washington. Mtu anayefuata orodha za kodi za ukoo huo angefika Springfield, makao makuu ya wilaya hiyo, kabla ya kufika Elizabethtown. Mwaka 1878 karani wa mahakama ya Springfield, W. F. Booker, aliipata katika makaratasi ya ofisi yake: dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806 yenye saini ya Thomas Lincoln, na orodha ya mchungaji Jesse Head iliyoonyesha kwamba aliwafungisha ndoa tarehe 12 Juni. Rais Lincoln alikuwa amekwisha kufariki miaka 13 iliyotangulia.